Kupima Mabaki ya Kambi za Kazi za Shuruti Bila Kuchimba: Mwongozo wa Jiofizikia kwa Mfano wa Kisiwa cha Alderney

Kambi iliyojengwa kwa mbao mwaka 1942 na kubomolewa miaka miwili baadaye haiachi magofu kama ya Kilwa Kisiwani au Gedi. Inaacha msingi mwembamba wa zege, mashimo ya nguzo, mtaro wa maji machafu, misumari isiyo na idadi, na udongo ulioshindiliwa na miguu ya watu waliosimamishwa mstarini kila alfajiri wakihesabiwa. Aghalabu mabaki hayo yapo chini ya nyasi kwa kina kisichozidi urefu wa mkono, na mtu anaweza kulisha mbuzi juu yake miaka na miaka bila kujua kilicho chini. Upimaji wa kijiofizikia, yaani kupima sumaku, umeme na mawimbi ya ardhini kutokea juu, humwezesha mtafiti kuyaona bila kutia sepetu ardhini.

Mfano nitakaoutumia ni Lager Sylt, kambi iliyokuwa kusini-magharibi mwa Alderney, kisiwa kidogo kilicho karibu na pwani ya Ufaransa katika Visiwa vya Channel. Karibu wakazi wote walihamishwa Juni 1940, na Wajerumani wakakiteka kisiwa kikiwa kitupu. Kwa ajili ya kujenga ngome, shirika la ujenzi la Organisation Todt liliwaleta Warusi, Waukraine, Wapoland, Wahispania waliokimbia utawala wa dikteta Franco, Wayahudi kutoka Ufaransa na wengine wengi, likawatumikisha katika kazi ambazo wazee wetu wa pwani wangeziita shokoa. Kambi kuu zilikuwa nne, zikapewa majina ya visiwa vya Ujerumani: Borkum, Helgoland, Norderney na Sylt. Machi 1943 Sylt iliwekwa chini ya SS, kikosi cha chama cha Nazi kilichoendesha kambi za mateso, na katikati ya mwaka 1944 wafungwa wakaondolewa. Mapitio ya jopo la wataalamu yaliyoitishwa na Lord Pickles, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Uingereza wa masuala ya baada ya Maangamizi ya Wayahudi, na kuchapishwa Mei 2024 yalikadiria kuwa waliofia kisiwani humo ni kati ya watu 641 na 1,027. Sylt ilichunguzwa kwa miaka kadhaa na timu ya Profesa Caroline Sturdy Colls, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Staffordshire, kwa njia zisizoharibu ardhi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba hakuna kifaa kinachoona banda, wala kaburi, wala choo. Kifaa kinaona tofauti tu: hapa umeme unapita kwa shida, pale sumaku imepanda, kule wimbi limerudi mapema. Tofauti hiyo huitwa hitilafu. Kuigeuza hitilafu kuwa banda ni kazi ya binadamu, na asiyejua banda lile lilijengwaje hataweza kuifanya hata akiwa na kifaa cha bei gani.

Hatua ya kwanza: nyaraka na picha za angani

Tenga muda mwingi zaidi kwa hatua hii kuliko unavyodhani unahitaji. Kwa kambi za Vita vya Pili vya Dunia, hazina kubwa ni picha zilizopigwa na ndege za upelelezi za Washirika, ambazo nyingi zimehifadhiwa Edinburgh katika mkusanyo wa taifa wa picha za angani. Tafuta picha za tarehe tofauti za mahali pale pale, kwa sababu kambi hukua: mwanzo mabanda matatu, baadaye saba, kisha uzio wa pili. Ukiwa na mfululizo wa picha utajua kipi kilijengwa lini, jambo ambalo kifaa chochote cha ardhini hakiwezi kukuambia.

Chukua pia ushuhuda. Mwaka 1945, mara baada ya Wajerumani kusalimu amri, afisa wa ujasusi wa jeshi la Uingereza, Theodore Pantcheff, alitumwa Alderney kuwahoji walioshuhudia. Maelezo ya namna hiyo yana thamani hata pale yanapopingana. Manusura anaposema kwamba jiko lilikuwa upande wa kulia ukiingia langoni, amekupa dhana ambayo unaweza kuipima.

Kisha ilinganishe picha ya zamani na ramani ya leo kwa kutumia vitu ambavyo havijahama. Huko Sylt nguzo za zege za lango bado zimesimama, na moja imewekwa kibao cha kumbukumbu. Uwanja wa ndege ulio karibu ulifunguliwa tangu 1935. Usitumie alama mbili tu. Tumia nne au tano zilizozunguka eneo lote, la sivyo picha itapinda pembezoni na banda lako litaangukia mita sita kando ya lilipokuwa.

Mwishowe, andika orodha ya kila jengo na kile ambacho lingeacha ardhini. Mabanda sanifu ya mbao ya Kijerumani yalikuwa na upana wa takriban mita 8 na urefu ambao mara nyingi ulizidi mita 20, yakisimama juu ya vipande vya zege au tofali, au juu ya sakafu nzima ya zege. Majiko ya kuotea moto huacha tofali zilizoungua. Vyoo huacha shimo refu lililojaa udongo laini, na njia za ndani mara nyingi zilitandazwa kokoto au mabaki ya makaa ya mawe. Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia kifaa.

Hatua ya pili: ruhusa, mabomu na wafu

Ruhusa ya mwenye ardhi na ya mamlaka ya mambo ya kale inajulikana, sitaikalia. Yanayosahaulika ni mawili.

La kwanza ni mabomu yasiyolipuka. Maeneo mengi ya kambi hizi yalizungukwa na maeneo yaliyotegwa, na Alderney ilitegwa mabomu ya ardhini kwa wingi. Kipimo cha ukinzani, yaani cha ugumu wa umeme kupita ardhini, huchomeka vyuma kwa mamia ya mara kwa siku, kwa hiyo usikianze kabla mtaalamu wa mabomu hajaliruhusu eneo kwa maandishi.

La pili ni wafu. Sheria ya dini ya Kiyahudi inakataza kusumbua kaburi, na hii ni sababu mojawapo ya njia zisizochimba kupewa uzito mkubwa katika maeneo haya. Huko Treblinka nchini Poland, ambako kulikuwa na kambi ya kazi za shuruti sambamba na kambi ya mauaji, Sturdy Colls alipoanza kazi mwaka 2010 alitanguliza mashauriano na viongozi wa dini, kisha vifaa. Fanya hivyo hivyo kwa jamii yoyote ambayo watu wake huenda wamelala hapo, iwe ya Kiorthodoksi, Kikatoliki, Kiislamu au wasio na dini, na mkubaliane mapema mtafanya nini mfupa ukionekana juu ya ardhi.

Hatua ya tatu: kutembea, na LiDAR

Tembeeni eneo lote kwa miguu, mkiwa mmejipanga mita 5 kati ya mtu na mtu. Wekeni alama kwa kifaa cha satelaiti chenye usahihi wa sentimita kwenye kila ukingo wa zege, kipande cha seng'enge, tuta au bonde. Angalieni mimea pia: upupu wa Ulaya hupenda udongo wenye samadi na taka za zamani, kwa hiyo kichaka chake cha mstatili katikati ya nyasi fupi kinastahili kutazamwa mara mbili.

Pale miti na miiba inapozuia, LiDAR husaidia sana. Ndege au droni hupiga miale ya leza kwa wingi, michache inapenya kati ya majani hadi ardhini, na kwa kuondoa ile iliyogonga mimea unapata sura ya ardhi tupu. Msingi uliovimba sentimita 15 tu, ambao hungeuona hata ukiukalia, huonekana kama mstatili safi. Sylt ilikuwa imefunikwa na vichaka sehemu kubwa, na mabaki mengi yakajitokeza kwa kuunganisha njia hii na ukaguzi wa miguu: misingi ya choo na jiko, vibanda vya walinzi, na njia ya chini ya ardhi iliyoanzia kwenye nyumba ya kamanda.

Hatua ya nne: kuchagua kifaa

Wanaoanza huenda moja kwa moja kwenye kipimasumaku kwa sababu kina kasi na ni mashuhuri katika akiolojia. Kwa kijiji cha kale ni chaguo jema. Kwa kambi ya karne ya 20 hali ni nyingine. Nguvu ya sumaku ya dunia huko Ulaya ya kaskazini-magharibi ni karibu nanotesla 50,000 (nanotesla ni kizio kidogo cha kupimia nguvu ya sumaku), na shimo la kale lililojaa udongo huibadilisha kwa nanotesla chache tu. Msumari, kopo la chakula au kipande cha seng'enge huibadilisha kwa makumi au mamia, kwa hiyo kambi iliyojaa chuma hutoa picha yenye madoa meusi na meupe kila mahali, mfano wa ngozi ya kanga, na shimo lako dogo linamezwa humo. Hata hivyo sikitupi kifaa hiki. Mstari wa madoa uliolingana vizuri unaweza kuwa uzio ulioanguka na kuoza hapo hapo, na tofali za jiko zilizoungua hushika sumaku ya kudumu. Kitumie kwa maswali hayo, na usikilaumu kwa mengine.

Kipimo cha ukinzani wa umeme ndicho ninachokiamini zaidi kwa misingi. Umeme mdogo hupitishwa ardhini kati ya vyuma, na kifaa husoma ugumu wa kupita. Zege na kokoto humwaga maji, hivyo ukinzani wake ni mkubwa. Mtaro uliojaa udongo wenye unyevu una ukinzani mdogo. Misumari midogo haikisumbui. Mpangilio wa kawaida una vyuma viwili vinavyohamishwa vikiwa nusu mita kati yao, na vingine viwili vilivyosimikwa mbali, angalau mita 15 kutoka ukingo wa gridi. Kina chake ni kati ya nusu mita na mita moja hivi, kinachotosha kabisa kwa banda. Udhaifu wake ni hali ya hewa: baada ya mvua ya siku tatu tofauti hufifia, na katika ukame mkali vyuma havipati mguso.

Rada ya kupenya ardhi ndiyo pekee kati ya hizi inayokuambia kitu kiko kina gani. Antena husukumwa kama toroli, hutuma wimbi, na kupima muda wa mwangwi kurudi kwa nanosekunde. Antena ya megahezi 400 au 500 inafaa kwa mita moja ya juu. Ya megahezi 200 au 250 inafika chini zaidi lakini inapoteza vitu vidogo. Udongo wa mfinyanzi na udongo wenye chumvi hulimeza wimbi, kwa hiyo kwenye kisiwa fanya jaribio la mistari michache kabla ya kukodi kifaa kwa wiki nzima.

Kanuni yangu ni kupima eneo moja kwa njia mbili zisizotegemea sifa moja ya ardhi. Ukinzani na rada vikikubaliana juu ya mstatili wenye upana wa mita 8, una hoja. Kimoja kikinyamaza, una swali.

Hatua ya tano: gridi

Tandaza gridi ya mraba wa mita 20 kwa 20, ukitumia vigingi vya mbao au plastiki, na upime kila pembe kwa kifaa cha satelaiti. Geuza gridi ili mistari ya kupimia ikate kuta za mabanda kimshazari badala ya kwenda sambamba nazo. Sababu yake ni ya kitaalamu lakini ina madhara makubwa: programu za kusafisha data huondoa michirizi inayofuata mwelekeo wa kutembea, na ukuta uliolala sambamba na hatua zako utafutwa pamoja nayo bila wewe kujua. Nimewahi kuona msingi mzima ukitoweka kwa kubofya kitufe kimoja, ukarejea tulipofungua data ghafi.

Nafasi kati ya mistari itokane na kitu unachokitafuta. Ukinzani ukipimwa kila mita moja hutoa vipimo 400 kwa gridi. Kila nusu mita hutoa 1,600, na kwa kambi nasisitiza hiyo ya pili, kwani shimo la nguzo ya uzio lenye upana wa sentimita 30 litapita kati ya mistari ya mita moja bila kuguswa. Kwa rada, robo mita kati ya mistari ndiyo inayofaa.

Hatua ya sita: siku ya kupima

Anayebeba kipimasumaku hapaswi kuwa na chuma mwilini: si simu, si funguo, si bizimu ya mkanda, si sidiria yenye waya. Katika kazi yangu ya mwanzo nilivua vyote hivyo nikasahau buti, ambazo zilikuwa na vijitundu vya kamba vilivyozungushwa chuma. Picha ilitoka na mawimbi mepesi yaliyopishana kulia na kushoto, na tulikaa jioni nzima tukibishana kuhusu matuta ya kilimo kabla ya mtu kuniangalia miguuni. Siku nzima ikarudiwa.

Andika daftari la mkono. Kila gridi iwe na jina, saa ya kuanza, hali ya hewa, kona ya kuanzia, na kila kilichokuzuia: mti, jiwe kubwa, bati lililotupwa juzi. Nafasi tupu kwenye picha isiyo na maelezo itakuja kutafsiriwa na mtu mwingine kuwa jengo.

Hatua ya saba: kusoma picha

Hapa ndipo kazi ilipo. Anza na rada. Kitu kimoja kilichozikwa, kama bomba au jiwe, huonekana kama upinde wa mwavuli, kwa sababu antena hukiona kabla ya kufika juu yake na baada ya kukipita. Sakafu ya zege huonekana kama mstari wa bapa wenye kingo zilizokatika ghafla. Zege lenye nondo huonyesha miavuli midogo iliyopangwa kwa nafasi sawa, na chini yake pengine giza tupu, kwani chuma hurudisha nguvu zote.

Kina hupatikana kwa kuzidisha kasi na muda, kisha kugawanya kwa mbili. Tuseme mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 14. Katika udongo mkavu kiasi, kasi ni kama mita 0.1 kwa nanosekunde, hivyo kitu kiko sentimita 70 chini. Udongo ukiwa umelowa na kasi ikashuka hadi 0.07, kitu hicho hicho kiko sentimita 49. Tofauti ya sentimita 21 kati ya majibu hayo mawili inatosha kuipeleka sakafu yako katika kipindi kingine cha historia ya mahali hapo. Kwa hiyo usikubali kasi iliyowekwa kiwandani. Ikokotoe kutokana na umbo la ile miavuli, au pima juu ya kitu ambacho kina chake unakijua.

Baada ya hapo unganisha matokeo na ramani za mwanzo. Weka picha ya ukinzani, picha za rada zilizokatwa tabaka kwa tabaka kila sentimita 10 au 20 za kina, LiDAR na picha ya ndege katika programu moja ya ramani, uziwashe na kuzizima zamu kwa zamu. Kila hitilafu ipe namba na daraja: thabiti, yenye uwezekano, au isiyojulikana. Mstatili unaoonekana kwenye ukinzani, wenye vipimo vya banda, na ulio chini ya paa linaloonekana kwenye picha ya 1943, ni thabiti. Mstatili wa namna hiyo usio na picha wala ushahidi ni wenye uwezekano tu, hata kama moyo wako umeshaupenda.

Ukimya nao usomwe kwa uangalifu. Banda lililosimama juu ya vipande vya tofali na kubebwa lote baada ya vita huenda lisionekane popote. Usiandike kamwe kuwa halikuwepo; andika kuwa halikugunduliwa kwa njia hizi, katika udongo huu, kwa nafasi hizi za mistari.

Kuhusu makaburi

Kaburi ni kitu kigumu kuliko vyote. Hakuna kifaa kati ya hivi kinachotambua mifupa. Kinachoonekana ni ukataji wa ardhi: tabaka za asili zilizokatika, udongo uliochanganyika ambao umeshuka kidogo, unyevu uliotofautiana na jirani zake. Shimo la taka, shimo la bomu na handaki la askari hutoa sura zinazokaribiana na hiyo. Kwa hiyo katika ripoti tumia maneno kama "eneo lenye sifa zinazolingana na kaburi", na ueleze ni sifa zipi na ni nyaraka zipi zinazoliunga mkono. Familia zitasoma ripoti hiyo, na gazeti litachukua sentensi moja tu kutoka humo.

Panga pia nani atajua mahali hasa palipo. Wawindaji wa vitu vya vita wenye vigunduzi vya chuma husoma ripoti za kitaalamu kwa bidii kuliko wanafunzi. Toleo la umma lipunguziwe usahihi wa majiranukta, na toleo kamili lipelekwe kwa mamlaka na kwa jamii husika.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuuliza kama haya yanawezekana Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ambacho wengi wao walichukuliwa kwa nguvu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa sehemu kubwa hapana. Mabomba, nyaya, nondo na misingi ya maghorofa yangefunika kila ishara. Pale ambapo hakuna uwanja wazi, kazi inabaki kwenye hatua ya kwanza, nyaraka na ushuhuda, na hiyo nayo ni kazi.

Kufunga kazi

Hifadhi data ghafi kando na data iliyosafishwa, pamoja na orodha ya kila hatua ya usafishaji kwa mpangilio wake. Eleza mwelekeo wa gridi, nafasi za vipimo, aina ya antena na kasi uliyotumia, ili mtu wa miaka 20 ijayo aweze kuisoma upya kwa programu ambazo bado hazijatungwa. Kabla ya kuondoka, hesabu vigingi ulivyoleta na ulivyong'oa, na zungukeni tena na mfuko mkiokota kila kipande cha waya na kila pini ya utepe mliyoiangusha, kwa sababu mpima atakayefuata ataikuta ardhini, na kwenye picha yake itakuwa ya mwaka 1943.